Demani ya Eleni

Mwantum aliibuka akitema maji, akaushika ubavu wa mashua, akacheka. Suruali yake ya turubai, aliyoishona mwenyewe kwa mabaki ya kifuniko cha lori, ilikuwa imejaa hewa na kumwelea kiunoni kama maboga mawili. Mashua ililala ubavu. Tanga lilitandazika juu ya ziwa kama shuka ya mtu aliyekurupuka usingizini. Upande wa matete kiboko alitoa masikio nje, akatazama, akaona hakuna linalomhusu, akazama.

Ufukweni shemeji yake Hamissi alikuwa akirukaruka, ovaroli imelowa hadi magotini. Mume huyo wa dada yake alikuwa fundi wa malori huko mtaani Buyenzi. Hakujua kuogelea, na katika maisha yake yote alikuwa hajaingia Ziwa Tanganyika kupita pale watu wanapooshea magari.

"Achia kamba, shemeji! Achia!"

"Umwambie yeye," Mwantum alimjibu, akielekeza kidevu kwenye dude la chuma lililokuwa sasa chini ya maji. "Mi nilishaachia zamani. Ni yeye anakatala."

Dude hilo lilikuwa breki ya mkono ya lori, na lilikuwa fahari ya Hamissi. Alikuwa amelifunga nyuma ya mashua kwa bolti nene, akalipa gurudumu dogo la kuzungushia kamba, akalipaka grisi, akalibusu. Hakuna breki yake iliyowahi kuachia. Kule Bugarama, ambako barabara ya milimani huwafanya madereva wasali, watu walilitaja jina lake. Mwenyewe alipenda kusema kwamba lori lililofungwa breki na yeye unaweza kuliacha mteremkoni, ukaenda kuoa, ukarudi na watoto, ukalikuta palepale.

Ndivyo ilivyotokea na kamba ya tanga. Upepo mkali ulipopiga, Mwantum alibonyeza kitufe cha breki ili kamba ilegee na tanga lipumue. Kitufe kikagoma. Kila dereva anajua kwamba breki ya mkono iliyokaza haifunguki mpaka kwanza uivute zaidi kidogo. Lakini nani angevuta zaidi wakati upepo nao unavuta upande wake? Mashua iliinama, ikainama tena, halafu ikaona bora ilale.

Aliyefika kwanza kumwokoa alikuwa Hugues, mwenye buveti ya bia jirani na klabu ya mashua. Alipiga kasia mtumbwi wa wavuvi alioazima bila kuuliza. Wakapanda wote wawili juu ya ule ubao unaochomoza tumboni mwa mashua, wakaegemea nyuma, na mashua ikainuka taratibu, ikimwaga maji kila upande. Hapo Hugues alitoa mfukoni futi ya fundi na kupima upana wa mashua.

"Mama Mwantum, mi sina haraka," alisema akikunja futi. "Lakini siku ukichoka, nitaikata katikati: nusu ya mbele nitaiweka itazame barabara, nusu ya nyuma itazame ziwa. Kaunta mbili za bia. Hata jina lake sitalifuta."

"Na mimi utaniweka wapi?"

"Kwenye kiti ya mbele kabisa. Fanta ya bure mpaka siku utakufa."

Mwantum alimrushia maji usoni, naye akacheka. Haikuwezekana kumchukia Hugues, na hilo ndilo lililomfanya awe hatari.

*

Huo ulikuwa mwaka wa pili wa vikwazo. Mipaka ilikuwa imefungwa, petroli iliuzwa kwa chupa kama dawa ya kikohozi, na mashua za injini za klabu zilikuwa zimelala chini ya maturubai zikiota kutu. Usiku milio ya bunduki ilisikika vilimani. Asubuhi watu waliulizana imelia upande gani, wakajibiana, kisha kila mtu akaenda kutafuta riziki yake. Kilichoweza bado kutembea juu ya ziwa bila tone la mafuta kilikuwa mashua chache za tanga, na miongoni mwao Eleni, nzee kuliko zote.

Eleni ilikuwa ya Bwana Kosta, Mgiriki aliyezeeka Bujumbura akiuza vitambaa. Mwantum, mshonaji wa maturubai ya malori, ndiye aliyemshonea matanga kwa miaka mingi. Siku Kosta alipoamua kuondoka nchini, alikwenda hadi barazani kwa Mwantum. Hakuuza ile mashua wala hakuitupa. Aliitoa kama Warundi wanavyotoa ng'ombe: alisimama, akavua kofia, akaita majirani wawe mashahidi, akasema kwa Kirundi chake kilichopinda, "Ndakugabiye," yaani nimekugabia. Majirani wakapiga makofi kama ada inavyotaka. Aliyegabiwa ng'ombe amepewa undugu. Atamlisha, atamkama, atamsifu mbele za watu. Hamchinji. Mwantum alimuuliza mzee huyo mashua inatoa maziwa gani, naye Kosta akamwambia asiwe na pupa, akame kwanza.

Kukama ndiko kulikokuwa na shida. Mwantum alijua usukani vizuri. Kila alipomaliza kushona tanga jipya, Kosta alimchukua walijaribu pamoja: Mwantum akishika usukani, mzee akishika demani. Demani ndiyo kamba kuu, ile inayolivuta tanga na kulilegeza, na chombo chochote cha upepo roho yake iko hapo. Ukiivuta, mashua inakwenda. Ukiilegeza, inapumua. Demani ya Eleni ilitoka kwenye ncha ya mti wa chini wa tanga, ikashuka nyuma kabisa kupitia kapi moja yenye kutu, na kuanzia hapo ilikuwa ni mikono yako na upepo, basi. Iliundwa kwa ajili ya mtu mwenye kifua cha Kosta. Mwantum alikuwa na uzito wa jora la kitambaa. Upepo ukikolea, kamba ilimnyanyua kwenye ubao wa kukalia kama vile inataka kumwonyesha kitu.

Halafu ikaja amri ya komite ya klabu. Mwenyekiti wake, Népomuscène, mtumishi wa wizara aliyekaa juu, mtaa wa Kiriri, alimfikishia mwenyewe, huku akifuta miwani isiyokuwa na uchafu. Wanajeshi wa ziwani hawakutaka tena vyombo visivyo na nahodha anayejulikana. Kwa hiyo kila mwenye mashua lazima aitoe peke yake, aizungushe boya jekundu, airudishe hadi gati na kuligusa gati, mbele ya komite, Jumamosi. Atakayeshindwa, mashua yake inapoteza nafasi chini ya paa la klabu. Népomuscène hakusema itakwenda wapi. Hakukuwa na haja. Hugues alikuwa amekaa nyuma yake, anakunywa soda, na futi mfukoni.

*

"Sasa unaniambia nifanye nini?" Hamissi aliuliza. Walikuwa wamerudi Buyenzi, na nguo zao zilikuwa bado zinatoa maji kwenye saruji ya baraza. "Nitie breki mbili?"

Dada yake Mwantum, Fatouma, aliwaletea chai ya tangawizi na kumwambia mumewe kwamba kama anataka kumzika mdogo wake, amwambie mapema ili akaazime masufuria makubwa. Hamissi akainama juu ya kikombe. Aliumia, si kwa maneno ya mkewe, ambayo alikuwa ameyazoea, bali kwa sababu breki yake haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa imeshika. Kazi ya breki ni nini kama si kushika?

Mwantum hakubishana naye. Alimvuta kwenye cherehani yake kubwa, ile ya kushonea turubai, akamkalisha kwenye kiti chake, jambo ambalo hakuwa amemfanyia mtu yeyote. Akamwonyesha visahani viwili vidogo vya chuma vilivyobana uzi kabla haujafika kwenye sindano, na parafujo ya kuvikaza.

"Kaza mpaka mwisho."

Hamissi alikaza. Mwantum akavuta uzi, uzi ukakatika.

"Legeza yote."

Hamissi alilegeza. Uzi ukamwagika kama tambi.

Kisha Mwantum mwenyewe akaigeuza ile parafujo kwa ncha za vidole, kidogo, kidogo tena, huku akisikiliza. Akampa Hamissi uzi auvute. Ulikuja. Ulikuwa umeshikwa, lakini ulikuja.

"Mi nataka kamba yangu ikae hivi," alisema. "Imeshikwa. Lakini ikiitwa, iende."

Hamissi aliuvuta uzi tena, na tena, mpaka ukajaa mapajani. Kule mtaani mtu alikuwa anagonga bodi ya gari kwa nyundo, na kila pigo kikombe cha chai kilitetemeka.

"Kwa hiyo unataka nitengeneze breki yenye kuachia."

"Ndiyo."

"Mu Buyenzi yote batanicheka, shemeji."

"Wacha bakucheke ukiwa na shemeji muzima."

*

Akaanza. Na alipoanza, hakuna aliyeweza kumzuia, kwa sababu Hamissi alikuwa na ugonjwa wa mafundi wote wazuri: kitu kikishamwingia kichwani, chakula hakina ladha mpaka kitoke mikononi.

Alichukua gia ya lori lililokufa akakata humo mashavu mawili yenye meno, akayapanga yatazamane kama magego. Kamba ikivutwa, ilipita katikati bila kizuizi. Ikitaka kurudi, magego yaliuma. Lakini ukiinyanyua juu kwa kuipiga mtikiso mmoja tu wa mkono, ilichomoka, ikawa huru. Springi za kuyarudisha magego pamoja alizitoa kwenye vitasa vya milango ya teksi. Alikifunga chombo hicho kwenye meza ya karakana, akafunga jiwe mwisho wa kamba, akalivuta, likakaa hewani. Akanyanyua kamba. Jiwe likaanguka kwa kishindo. Mafundi wenzake wakauliza kama amekuwa kichaa, breki gani hiyo inayoangusha mzigo. Hamissi akawaambia kwa sauti ya mtu aliyesoma sana kwamba hawawezi kuelewa, hayo ni mambo ya ziwani.

Kapi za dukani hazikuwapo, na zingetoka wapi? Waliyeyusha mabomba ya shaba kwa jirani, wakapata magurudumu madogo ya manjano, mazuri kama vitumbua. Kadiri kamba inavyozunguka kapi nyingi, ndivyo uzito unavyogawanyika, kama vile mgeni mmoja mkorofi akigawanywa kwa nyumba nne. Waliamua kuhamisha demani nzima kutoka nyuma na kuileta katikati ya mashua, karibu na magoti ya Mwantum, ili aweze kuvuta akiwa amekaa vizuri, na si amejipinda kama anayetafuta kitu uvunguni.

Hapo likazuka lingine. Siku walipoinua tanga ufukweni, mashua ikiwa bado juu ya mchanga, upepo ulivuta kwa juu na kapi zikavuta kwa chini, na ule mti wa chini wa tanga, ambao ulizoea kushikwa kwenye ncha, sasa ulishikwa katikati ya mgongo. Ukalia. Hamissi akataka kutoboa mti atie bolti na bamba la chuma. Mwantum akakataa, akisema mti uliotobolewa mahali unapolia utavunjika hapohapo. Akaenda nyumbani. Aliporudi alikuwa na mkanda mpana wa turubai, ameukunja mara tatu na kuushona mishono minene ya kuvuka, ule mshono wanaoutumia kushikilia pembe za vifuniko vya malori ya simenti. Akauzungusha kwenye mti sehemu mbili zilizoachana, ncha zake zikakutana chini kwenye kapi, ili mzigo usibebwe na nukta moja. Walipoinua tanga tena, mti ulinyamaza.

Hamissi alikipapasa kile kitambaa, akaking'ang'ania kwa mikono yote miwili, akaning'inia.

"Hiki ni chuma," alisema.

"Ni nguo."

"Basi nivalishe."

Sitaha, hata hivyo, ilibidi itobolewe. Hapakuwa na njia nyingine ya kufunga magego pale katikati. Hamissi alishika drili ya mkono, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika tangu nguzo ziangushwe, akaiweka mahali walipotia alama ya chaki, na akangoja. Mwantum aliiinamia alama ile. Alikuwa akizitazama mbao zile, rangi yake ya buluu iliyopasuka kama kisigino, na alikuwa akimfikiria mzee aliyevua kofia barazani pake. Wapi mtu aliwahi kutoboa ng'ombe wa kugabiwa?

Hamissi akafuta mpini kwa ovaroli yake. Akamkabidhi drili.

Mwantum alipiga magoti akatoboa mwenyewe. Vumbi la mbao lilitoka jeupe, lenye harufu ya utomvu, kama la mti uliokatwa jana. Alikuwa anatarajia uozo. Akalinusa kiganjani, akampa Hamissi naye anuse, kisha akaendelea kutoboa bila kusita. Chini ya sitaha walitanguliza ubao mgumu na bamba la springi ya lori, ili bolti zising'oe mbao zikivutwa. Kila tundu walilizungushia nyuzi za pamba zilizochovywa kwenye rangi nzito. Mwantum alikaza upande wa juu, Hamissi amejikunja tumboni mwa mashua akikaza upande wa chini, na sauti yake ilisikika kupitia mbao, ikilalamika kwamba hivi ndivyo Nabii Yunus alivyoteseka, na bado yeye, Hamissi, hakukosea lolote.

*

Jumamosi upepo ulikuja mapema kutoka milima ya Kongo. Komite yote ilikaa kwenye gati chini ya mwavuli. Népomuscène alivaa tai. Watu wa klabu walikuja, na wasio wa klabu pia, maana katika mji ambao mikusanyiko mingi ilikuwa ya mazishi, habari kwamba mwanamke wa Buyenzi atashindana na ziwa ilionekana kuwa sikukuu. Fatouma alileta sambusa. Hugues alileta viti vya buveti na hakudai kitu, akakaa mbele, amekunja miguu.

Mwantum alisukuma Eleni majini, akaruka ndani, suruali yake ikanguruma. Watu wakacheka. Naye akacheka, akavuta demani.

Ilikuja. Kapi za shaba zililia kwa sauti nyembamba, magego yakanong'ona ta-ta-ta, tanga likajaa, na mashua ikaondoka gatini kama mtu aliyekumbuka kwamba ana safari. Alivuta kwa mkono mmoja. Mkono mmoja, na ule mwingine kwenye usukani, amekaa wima. Hamissi alisimama kwenye maji mafupi na viatu vyake, midomo ikicheza. Anayemjua angejua anasoma dua, na katikati ya dua anahesabu bolti.

Kabla ya boya upepo ulipiga ule wa kuangusha. Uso wa ziwa ulibadilika rangi, ukaja mbio kumwelekea. Mashua ikainama, maji yakapanda hadi kwenye ukingo. Gatini Népomuscène alisimama. Mwantum akanyanyua kamba kwa mtikiso mmoja, kama anayekung'uta vumbi kwenye nguo, na magego yakaachia. Tanga likapiga makofi. Eleni ikasimama, ikatikisa kichwa, ikangoja iitwe.

"Imeachia!" Hamissi aliwageukia watu asiowajua. "Mumeona? Imeachia!"

Hakuna fundi wa breki aliyewahi kusema maneno hayo kwa furaha.

Mwantum alizunguka boya. Ni wakati wa kugeuza, tanga lilipovuka kichwani na kwenda upande wa pili kwa kishindo, ndipo springi moja ya mlango wa teksi ilipochomoka. Aliiona ikiruka, ikimeta juani, ikaingia majini bila sauti. Gego la kushoto likalala. Kamba haikuwa na wa kuishika tena.

Ikaanza kukimbia. Aliidaka kwa mkono, akangoja kunyanyuliwa kama zamani. Akakaza meno, akakaza tumbo.

Hakunyanyuliwa.

Upepo ulikuwa palepale, mwisho wa kamba, mzima na mkali, lakini kapi zilikuwa zimeugawanya, na sehemu iliyomfikia ilikuwa ni uzito wa mkono wa mtu unayetembea naye sokoni. Aliulegeza, ukaenda. Akauvuta, ukaja. Kila mawimbi yalipobadilika alihisi kwenye kiganja kabla hajayaona kwa macho. Miaka yote alikaa karibu na kamba hii akiiona mikononi mwa mtu mwingine, na alidhani ni kazi ya nguvu. Akaanza kuimba, kitu kisicho na maneno, na mashua ikaongeza mwendo.

Alikuja gatini kwa kasi kuliko ilivyotakiwa. Watu wakarudi nyuma, mwavuli ukaanguka. Dakika ya mwisho akaachia demani yote, tanga likalegea, na Eleni ikateleza polepole mpaka ubavu wake ukakaribia mbao za gati. Mwantum alinyoosha mkono uliolowa, akaligusa gati kwa kiganja kizima, kwa nguvu, mpaka wakasikia wote. Makofi yalianzia kwa Fatouma. Hugues alisimama kwenye kiti chake mwenyewe akapiga mluzi, kama vile si yeye aliyekosa kaunta.

Népomuscène akainama, tai yake ikining'inia, akanyoosha mkono apokee kamba ya kufungia. Miwani yake ilikuwa imerushiwa maji, na alikuwa anatabasamu.

"Karibu, nahodha. Lete kamba tukufunge."

Mwantum aliutazama mkono huo. Akaitazama demani iliyolala mapajani mwake, imelowa, bado ya moto kutokana na kukimbia. Jua lilikuwa bado juu.

"Apana, mwenyekiti," alisema kwa adabu. "Bado kidogo."

Akasukuma gati kwa mguu. Akavuta. Tanga likajaa tena, na kabla Népomuscène hajarudisha mkono wake, kati yao kulikuwa na maji.

Hamissi alimwita, kuhusu springi, kuhusu gego, lakini upepo ulichukua maneno upande wa pili. Basi akavua viatu, akavishika mkononi, akaanza kutembea ukingoni mwa ziwa, hatua kwa hatua na lile tanga, ovaroli yake ikichora mchanga. Mashua ilipoongeza mwendo naye aliongeza. Alipita buveti, akapita watu wanaoosha magari, akapita nyavu zilizoanikwa, hajageuka hata mara moja, mpaka mahali mto Ntahangwa unapoingia ziwani na mchanga unapokwisha. Hapo akasimama, maji yakimlamba miguu, akaweka kiganja juu ya macho.